Misumari Kwenye Majivu

Jumanne moja asubuhi nilizoa majivu ya jiko langu, nikaokota misumari kumi na moja.

Jamani, mti hauoti misumari. Nilikaa chini sakafuni na koleo langu mkononi, nikaihesabu tena.

Nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Yasna. Naishi Castro, kusini mwa Chile, mimi na binti yangu Maite wa miaka minne. Baba yake alikwenda kwenye migodi ya kaskazini akasahau njia ya kurudi.

Mama alinionya kuhusu yule mwanamume, tena mbele ya watu. Nami nikamjibu mbele ya watu hao hao: "Sitarudi hapa kukuomba hata kijiti."

Miaka mitatu hatukusemeshana. Yeye kisiwani Lemuy, peke yake kwenye nyumba ya mbao aliyojenga marehemu baba. Mimi mjini na kiburi changu.

Sasa, huku kwetu kuni hununuliwa Januari, jua likiwaka, zikauke kabla ya mvua na baridi. Januari ile sikuwa na kazi. Nikasema nitanunua kidogo kidogo, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Julai ilipoanza, katikati ya baridi, mji mzima ulikuwa na kuni mbichi tupu. Zinatoa povu, zinatoa moshi, joto hakuna. Kifua cha Maite kikaanza kubana, akalazwa siku nne.

Daktari hakunificha. "Akirudi kwenye moshi, utamleta tena. Akikaa na baridi, utamleta vilevile."

Hapo unafanya nini?

Nilimkimbilia Don Ruperto, mzee muuza kuni mwenye lori bovu, anayevuka kila wiki kutoka kisiwani. Nikachukua vipande vyake viwili nikavigonganisha. Kuni kavu hulia kali. Hizi zilitoa mlio mzito, wa kitu kilicholowa.

"Mzee, hizi mbichi."

"Umekuja kununua au kupiga ngoma?"

"Mtoto wangu anaumwa. Nitafutie kavu, popote pale."

Akacheka na pengo lake. "Kavu mwezi wa saba, binti? Zimebaki kwenye kuta za nyumba tu. Kabomoe."

Nililia pale pale barabarani, sioni aibu kusema. Mzee akaacha kucheka.

Wiki iliyofuata akapiga honi mlangoni kwangu. Kuni kavu kabisa, zimekatwa fupi, saizi ya jiko langu. Na bei yake ilikuwa nusu ya zile mbichi.

"Umezitoa wapi?"

"Unataka kuni au unataka historia?"

Nilitaka kuni. Siku ile Maite alivua sweta ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Mzee alileta wiki tatu mfululizo. Vipande vingine vilikuwa vimepakwa rangi ya kijani. Nikajiambia ni banda bovu la mtu, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Ndipo ikaja ile Jumanne ya misumari.

Nikaanza kupindua vipande vilivyobaki, kimoja kimoja. Cha nne kilikuwa na alama ya pasi.

Nilikuwa na miaka tisa niliposahau pasi ya mkaa sakafuni chumbani kwangu, ikaunguza ubao. Mama alinichapa, kisha akaweka kigoda juu ya alama ile ili baba asiione. Ubao ule ulikuwa mmoja tu duniani.

Nikadhani mama amekufa na watu wanagawana nyumba. Nikamwomba jirani akae na Maite kwangu, nikapanda basi, kisha kivuko.

Kwa mbele nyumba ilikuwa imesimama, na rangi yake ile ile ya kijani. Kwa nyuma, vyumba viwili havikuwepo. Lilining'inia turubai, linapigwa na upepo.

Mama alikuwa jikoni, kavaa makoti mawili, msumeno pembeni. Katika jiko lake ziliungua kuni mbichi, na moshi wake ulikuwa unamkohoza.

"Umekula?" akaniuliza.

"Mama, umefanya nini?"

"Ruperto alinieleza habari za mtoto. Akasema kavu zimebaki kwenye kuta tu. Nami kuta ninazo."

"Na kwa nini uliniuzia?"

"Ungepokea bure?" Akakoroga chungu chake bila kunitazama. "Ulisema hata kijiti. Nikaona ukinunua, hutakuwa umeniomba."

Nikamsihi twende mjini, akaniuliza kondoo wataangaliwa na nani. Nikamsihi asibomoe tena.

"Agosti bado nzima," akasema. "Mtoto anapumua vizuri?"

"Anapumua."

"Basi kimbia, kivuko kisikuache."

Nilirudi nikakuta moto unazimika na Maite ameanza kukohoa tena. Kikapuni kilibaki kipande kimoja kikavu, kile chenye alama ya pasi. Nilikishika muda mrefu, kisha nikakitia motoni, kwa sababu sikuwa na kingine.

Kiliwaka vizuri sana.

Nilichojifunza ni hiki: kiapo unachokula kwa hasira kuna mtu atakilipia, na huenda asiwe wewe. Kama kuna neno ulimwambia mama yako mkiwa mmegombana, nenda kalifute leo. Usisubiri kuokota misumari.