Mama anaenda Umra kwa pointi za kadi yangu, na mimi nashindwa kumuaga

Admin, nifichie jina tafadhali. Mama yangu hana simu ya kupangusa, lakini wadogo zangu wote wamo kwenye ukurasa huu na wanasoma mpaka koma.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto wawili, nauza vitambaa Kariakoo. Kazi yangu kubwa ni sare za shughuli. Mkiwa na harusi au kicheni pati mnachagua rangi, mnanichangia hela, mimi naenda kwa wauzaji wa jumla nawaletea mzigo. Kabla hamjaanza kunisema, jueni kila aliyenichangia alipata sare yake. Shida yangu iko kwingine.

Mwaka juzi benki moja walipita madukani na kadi za mkopo. Dada wa watu mzuri, ananukia, akaniambia, "Dada, kila ukichanja hii kadi kwenye mashine ya dukani unapata pointi. Pointi zikijaa, unapata tiketi ya ndege." Kadi yenyewe ina picha ya ndege. Hapo hapo nikamuona mama yangu yuko Makka. Mama ametulea kwa kuuza vitumbua, na tangu nipate akili zangu dua yake ni hiyo moja. Niliuliza pointi zinaingiaje na zinaisha muda lini. Sikuuliza nikichelewa kulipa inakuwaje. Jirani yangu wa duka, Mama Neema, Mchaga, naye alichukua kadi siku ile ile, ila ile ya kawaida isiyo na zawadi yoyote, maana riba yake ilikuwa ndogo na ada ya mwaka haina. Nilimcheka. Nikamwambia, "Mama Neema, hata vya bure unaogopa?" Akasema, "Mwenzangu, mi nimeuliza wakinikata wananikata nini. Hayo mengine watajua wenyewe."

Basi nikajiona mjanja wa mjini. Kina mama wakinitumia hela ya sare naipokea kwenye simu, halafu mzigo nauchanja kwa kadi ili pointi ziingie. Hela yao nasema nitaipeleka benki mwisho wa mwezi. Jamani, hela ikikaa kwenye simu yako muda wote huo inaanza kuonekana yako! Ada ya mtoto humo, kodi ya fremu ya duka humo, na mimi mwenyewe nikaanza kujishonea sare za shughuli zote ninazohudumia. Nikamwacha hata muuzaji wangu wa bei nzuri kwa sababu hana mashine, nikahamia kwa wa bei ya juu mwenye mashine. Mwishoni pointi zilibaki kidogo zifike, na za mwanzo zilikuwa karibu kuisha muda, nikachanja friji. Friji ninalo nyumbani! Hilo jipya liko sebuleni mpaka leo, halijachomekwa, tunawekea vyombo juu.

Tiketi ikatoka. Nilimpelekea mama, akalia mpaka nikaogopa. Akajifuta, akaniuliza, "Mwanangu, hili ni jasho lako?" Nikasema ndiyo. "Hakuna mtu anakudai? Maana mimi siendi nyumba ya Mungu na deni la mtu." Nikamwambia, "Hakuna, mama. Ni ya bure, ni zawadi ya benki." Ulimi haukunikwama hata kidogo. Ukweli ni kwamba deni la kadi ile, pamoja na riba, lingenunua tiketi kama hiyo mbili na chenji ikabaki. Kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini tu, na deni halipungui.

Sasa mama anaondoka wiki ijayo, na ameanza kuomba radhi kwa watu kama ilivyo kawaida ya anayeenda Makka. Mtaa mzima ameshauzunguka. Juzi alinichukua tukaenda Feri, soko la samaki, kumtafuta mzee mmoja ambaye zamani mama alichukua samaki kwake kwa mkopo, wala hakumbuki lilikuwa fungu moja au mawili. Mzee amefariki. Mama akamtafuta binti yake, anakaanga samaki pale pale, akamlipa mafungu mawili na kumwomba amsamehe kwa niaba ya marehemu baba yake. Yule dada akacheka, "Mama, mbona ya zamani sana hayo!" Mama akamjibu, "Kwako ni ya zamani, mwanangu. Mimi nilikuwa naondoka nayo." Mimi nimesimama pembeni na pochi yangu, kadi ya ndege imo ndani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Benki nimewauliza kama tiketi inaweza kurudi wapunguze deni, wakasema pointi zikishatumika hazirudi. Mume wangu, anayejua nusu tu ya deni, anasema, "Nyamaza, muache mama wa watu aende." Mama Neema anasema nimwambie kabla hajasikia kwa watu. Nikimwambia, namjua mama yangu, hapandi hiyo ndege. Watu wameshamuaga, kanga zake ameshawagawia wajukuu, na magoti yake si ya kusubiri miaka mingine. Nisipomwambia, atasimama mbele ya Kaaba akiamini uongo wangu.

Jana alikuja kwangu. Nilidhani kaja kula. Akakaa pale karibu na lile friji, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Kwa wengine nimemaliza, umebaki wewe. Nilikupiga ukiwa mdogo, nikakutoa shule ukauze vitumbua. Kama nina deni lako lolote, nisamehe, niende mwepesi." Mama yangu ananiomba mimi msamaha! Nikasema nimekusamehe mama, nikakimbilia jikoni. Nikamsikia anauliza kutoka sebuleni, "Na wewe je, huna la kuniambia?" Nikafungulia bomba la maji, nikajifanya sijasikia.

Ijumaa anarudi kuwaaga wajukuu. Najua ataniuliza tena. Nimjibu nini, jamani?