Mwenye Figo

Kaka yangu alikuwa akiniita Mwenye Mali, na mimi sikukataa. Figo iliyokuwa ikifanya kazi tumboni mwake ilikuwa yangu. Nilikwenda nayo India, nikarudi nimemwachia yeye. Majirani wa Lipangalala walikuja kunipa pole. Niliwaambia wanipe hongera.

Shida ilikuja baadaye. Dawa za kuuzuia mwili wake usiikatae figo zilimpandishia sukari na presha, na daktari alitueleza wazi kwamba hayo mawili yakiachiwa yataiua figo, tena huenda moyo ukatangulia. Apunguze wali, aache chumvi na sukari, atembee kila siku. Mtu wa kiwanda cha sukari kule Kidatu, aliyezoea chai ya kunata mdomoni! Nilimbana. Nilionja mboga yake kabla hajaigusa, nikamwamsha alfajiri akatembee, na akinuna nilimwacha anune.

Hofu yangu ilikuwa ukweni kwake, Lupiro. Kule sinia la mkwe likirudi na chakula, maana yake umeidharau nyumba, na kaka yangu ana haya kupita kiasi.

Krismasi moja tukavuka na kivuko kwenda huko. Wali ulipakuliwa ukawa kichuguu, na samaki wa chumvi juu yake. Mimi nilikuwa mkekani na akina mama, upande wa pili wa ua, roho juu. Kuingilia maneno ya mtu na mkwewe nisingeweza, hata kwa mdomo wangu huu.

Kaka akainamisha kichwa mbele ya baba mkwe wake.

"Baba, nashukuru sana kwa chakula. Ila nitakula kidogo, na samaki huyu sitamgusa. Nina sukari na presha, na figo niliyonayo ni ya dada yangu yule pale. Nikiiharibu, sina uso wa kumtazama."

Wanawake wote wakanigeukia. Machozi yalinijia, nikajikaza. Mzee akalisogeza sinia pembeni, akaagiza jikoni kuletwe mchicha na perege wa kuchoma asiyetiwa chumvi. Kisha akaninyooshea kidole.

"Hilo sinia mpelekeeni mwenye figo. Kwangu halirudi na kitu."

Nilikula kwa maringo, kichwa juu, mpaka maua yaliyochorwa chini ya sinia yakaonekana. Kaka yangu alikuwa akinicheka kutoka kule alikoketi, mdomo umejaa mchicha.