Singo Juu ya Shavu Bichi

Siku tatu sikupata usingizi kwa swali moja: Jumamosi niende kliniki ya pili au nisiende? Nikienda, uso wangu ungeweza kuharibika zaidi. Nisipoenda, hakuna harusi. Nilisomea takwimu chuo kikuu, kwa hiyo nililigawa swali lile vipande, nikakipa kila kipande uzito wake. Kila nilipofika mwisho nilianza upya, kwa kuwa kuna kitu nilikuwa nimesahau kukihesabu. Kwa mfano, kwamba mchumba wangu hakuwahi kuniuliza kama naumwa.

Kovu nililipata nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa Ramadhani, magharibi inakaribia, nikajikwaa jikoni nikaliangusha karai la mafuta ya bajia. Mama alinipaka dawa ya meno, kama ambavyo jirani yeyote wa Mji wa Kale angefanya. Likabaki kovu gumu linalong'aa, kutoka sikio la kushoto hadi chini ya kidevu. Tangu hapo nikajifunza kuketi kushoto kwa watu, ili waone shavu zima.

Posa ilipokuja, mama mkwe alilitazama kovu kwanza, ndipo akaniitikia shikamoo. Siku ile hakusema kitu. Alisema baada ya mimi kutiwa pete, alipokuja kwetu na binti yake, wifi yangu mtarajiwa, tukinywa kahawa sebuleni.

Alikuwa akizungumzia siku ya kupamba. Ni sherehe ya wanawake watupu: bi harusi huvuliwa buibui, akaketishwa juu na dhahabu zake, macho chini, na kila aliyealikwa humtazama hadi atosheke.

"Watu wa mji mzima watakuja," alimwambia mama, kana kwamba mimi sipo. "Waje watazame nini?"

Mama alicheka kidogo. Hicho ndicho kilichoniuma, kile kicheko cha kuomba radhi, kama muuza vitambaa aliyerudishiwa kanga yenye tundu.

Kliniki aliichagua mama mkwe, ghorofa ya pili, upande wa Buxton. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alikuwa akiniuliza mimi, mama mkwe akijibu. Alinitoa damu mkononi, akaiweka kwenye mashine ikazungushwa mpaka maji ya manjano yakajitenga juu. Leza ikalitoboa kovu matundu madogo madogo, chumba kikanuka nywele zilizoungua, kisha yale maji ya damu yangu mwenyewe akanirudishia shavuni kwa sindano. Wifi alikuwa kitini, mkoba mapajani.

"Kumbe dawa ni damu yako," alisema. "Si ungejikuna tu nyumbani."

Nikacheka. Mpaka leo sijui kwa nini nilicheka.

Daktari alisema kovu lisingeondoka lote, ila lingelainika, baada ya vikao vitatu au vinne vyenye kupishana kwa wiki kadhaa. Mama mkwe akauliza kama vyote haviwezi kufanywa siku moja. Niliondoka na karatasi ya masharti: wiki mbili nisipigwe na jua, nisijipake manukato, nisisugue.

Siku ya nne mama mkwe alimtuma somo wake. Somo ndiye mwanamke anayemfunda bi harusi na kumsafisha mwili, na somo haambiwi la. Alikuja na bakuli la singo ya kusugulia mwili, liwa na karafuu na maua ya waridi, vimekandwa kwa marashi. Nikampa ile karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunikia bakuli, inzi wasiingie.

Nilijua la kusema. Naomba usiguse uso. Maneno matatu. Nikafikiria nitangulize samahani au nitangulize bibi, nitabasamu au nisitabasamu, asije akasema msomi hana adabu. Nilipokuwa bado nachagua, mkono wake ulikuwa shavuni.

"Ukilia singo haishiki," alisema, akazidi kusugua.

Baada ya wiki shavu lilikuwa jeusi, na kovu limevimba ndani ya ule weusi. Daktari aliwasha taa, akalikagua shavu. Kisha akasema leza isiguse ngozi ile kwa miezi kadhaa, na akiifanya sasa atakuwa ananidhuru.

Mama mkwe alisema daktari ni mvivu. Alikuwa ameshapata kliniki nyingine, kuvuka daraja la Makupa, watakaonifanyia Jumamosi bila maswali mengi. Nikauliza, na ikiharibika?

Aliweka kikombe chini. "Mwanangu, iharibike nini tena?"

Wifi akageukia dirishani asije akacheka.

Nilimwandikia mchumba wangu maneno mengi. Yeye alijibu kwamba mamake anitakia mema, na kwani si siku moja tu. Mama naye aliniambia nivumilie. Aliniambia akilitazama shavu la kulia. Mama hulitazama hilo tu.

Jumamosi asubuhi nilivaa buibui, mama akadhani naenda kliniki. Nikapita vichochoro hadi nyumbani kwa mama mkwe, nikipanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta amekwisha vaa, anangoja. Nilimwamkia, akaitikia, akasema nimechelewa.

Nikaanza kuvua pete. Ilikwama, vidole vilikuwa vimevimba kwa joto, ikabidi niilainishe kwa mate mbele yake. Nikaiweka kwenye sinia, kando ya kikombe chake.

"Siendi," nikasema. "Leo siendi, na siku nyengine siendi."

Aliitazama pete, akalitazama shavu. "Na nani atakuchukua?"

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha majibu, mengine mazuri sana. Sikutumia hata moja. Nilishuka ngazi. Nje jua lilikuwa limeshapanda, nikavuka nikafuata upande wa kivuli, kama karatasi ilivyosema, nikarudi nyumbani.