Jani la Sale Ukumbini

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo kijana wa mradi alipokuja kuniomba nikawe mwalimu, kichwa kilivimba. Mimi, mwalimu! Mradi ulikuwa wa kuwafundisha watoto Kimeru na mila zetu, kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa usharika huku juu ya Tengeru. Nilikubali kabla chai haijachemka. Wala si kwa ajili ya kabila. Ni kwa ajili ya mjukuu wangu.

Mjukuu huyu naishi naye tangu aachishwe ziwa, na ukimsemesha Kimeru anakujibu Kiswahili. Kosa ni langu. Mama yake na wajomba zake niliwakataza Kimeru kwa mwiko, maana shuleni walichapwa wakikiongea, nikaona heri niwachape mimi kwanza. Walishika vizuri mno. Sasa wako Olasiti na Dar, na mimi nimebaki na lugha mdomoni, sina wa kumwambia. Nilitaka mtu mmoja tu wa kuongea naye kabla sijafa.

Walimu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa jirani yangu, mzee wa ukoo wa marehemu mume wangu. Huyo aling'oa masale, ile mimea ya mpakani kati yetu, akayapanda upya hatua tano ndani ya migomba yangu. Tulikuwa hatusalimiani. Yeye alifundisha upande wa dirishani, mimi mlangoni. Lakini watoto walishika, na wangu alishika kuliko wote. Asubuhi moja alinisalimia Kimeru bila kuambiwa, nikamwaga maziwa.

Kisha wakaja wageni, wafadhili wa mradi. Kijana wa mradi ni Mmeru, ila amekulia mjini. Alikata majani ya sale akayafunga ukumbi mzima kama maua ya harusi. Akanisimamisha katikati, jirani akamweka mbele yangu, mimi akanishikisha jani moja.

"Bibi, mpe mwenzako. Ni ishara yetu ya kukaribishana. Wageni wapige picha."

Kukaribishana! Kwetu jani la sale humpelekei mtu ila kama umemkosea, unamwomba msamaha. Akilipokea, ugomvi umekwisha, hakuna kufufua. Yaani nimwombe msamaha aliyenilia shamba, na mpaka ubaki pale alipouweka.

Nikamwambia jirani kwa Kimeru, "Wewe ndiye wa kuniletea mimi hili."

"Toa tu, shemeji," akanijibu kwa Kimeru, meno yote nje. "Nitakusamehe."

"Heri nimpe mbuzi."

"Kwani mbuzi naye umemkosea?"

Wageni wakapiga makofi. Watoto nao makofi, na mjukuu wangu katikati yao anachekelea. Katika ukumbi wote ule aliyenielewa alikuwa mtu mmoja, na ni yule mwizi. Nikalichana jani, nikamtupia miguuni, nikatoka.

Tangu hapo jirani alisema hafundishi chumba kimoja na mwanamke aliyemtupia sale. Nami nikasema sikanyagi alipo yeye. Kijana wa mradi alikuja kunibembeleza.

"Bibi, jani tu?"

Nikamweleza yote, tangu mpaka ulipohamishwa. Akatoa daftari akaandika, akaniambia hiyo ni hazina kubwa. Nilitamani kumpiga kwa lile daftari. Jumamosi mbili watoto walikaa na yeye, anawasomea maneno kwenye karatasi, anayatamka kama mtu mwenye jino bovu. Ya tatu hawakuja. Ukumbi siku hizi unakodishwa kwa sherehe.

Watu wananiuliza, ungetoa lile jani ungepungukiwa nini? Migomba michache. Najua. Nimelipigia hesabu hilo kila upande, na hata leo nisingelitoa. Ndivyo nilivyo, na aliyelipia ni mtoto.

Nyumbani nilijaribu peke yangu. Namsemesha tukimenya ndizi, anaitikia kichwa, anarudi kwenye vitabu vyake vya shule. Juzi nilimtuma kwa Kimeru akachungulie kama ng'ombe wamemaliza majani. Akasimama pale, ananiangalia mdomo.

"Bibi, sema tu Kiswahili," akasema. Si kwa kiburi. Alikuwa ananihurumia.

Nikasema kwa Kiswahili. Akaenda mbio.