Lenzi Moja ya Kumnasa Mke Wangu Akicheka

Mke wangu hucheka kwa mwili mzima, isipokuwa mbele ya kamera. Akiiona tu, hukaza kilemba, hubana mikono mapajani na kufumba mdomo kama shahidi aliyeonywa na hakimu. Ndivyo alivyolelewa: picha ilikuwa jambo la studio, la nguo za kanisani na la kutotikisika. Kwa hiyo kila picha tuliyomtumia dada yake huko Iringa ilipokewa kwa hukumu ile ile, kwa simu.

"Shemeji, huyu askari ni nani? Mimi nilimwomba mdogo wangu."

Shemeji yangu amezeeka, hawezi kusafiri, na magoti ya mke wangu hayavumilii tena ndege. Niliona madai yake ni ya haki. Alitaka kumwona ndugu yake jinsi alivyo, nami nikajitwika jukumu hilo.

Majira ya baridi tulikuwa kwa binti yetu, Woodbury, mji wa jirani huku ughaibuni tunakoishi. Wajukuu walikuwa wakiteleza kwenye kilima cha theluji nyuma ya nyumba. Bibi yao alitoka kuwakemea, akateleza yeye, akaketi kwa kishindo, kisha akaangua kicheko kilichowafikia majirani. Kamera yangu ilikuwa na lenzi fupi. Ile ndefu ilikuwa mfukoni. Nilivua glavu kwa meno, nikaanza kubadilisha kwa vidole vilivyokufa ganzi, theluji ikidondokea ndani ya kamera. Nilipoinua kichwa, askari alikwisha kusimama wima, koti limepanguswa.

"Piga basi, Mwalimu," alisema bila kutikisa midomo. "Tunaganda."

Hapo niliamua kutafuta lenzi moja ya kutosha yote, ya karibu na ya mbali, isiyohitaji kufunguliwa. Jirani yetu, muuguzi kutoka Nakuru anayesifika kanisani kuwa bingwa wa kamera, alinihurumia.

"Mzee, hiyo wachana nayo kabisa. Inafanya kila kitu na hakuna inachofanya vizuri. Picha zake ni ukungu tu. Kila mtu anajua."

"Kila mtu ni nani na nani?"

"Si watu wa mtandaoni, Mzee! Wote."

"Wewe umewahi kuishika?"

"Mimi? Niishike ya nini na nimeshaambiwa ni mbaya?"

Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumpa mwanafunzi maksi kwa jibu la aina hiyo. Nilikwenda dukani, Saint Louis Park, na kamera yangu, nikamwomba muuzaji aniruhusu kuijaribu lenzi mlangoni. Nilipiga kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, kwanza kwa upana wote, kisha nikakivuta hadi kikomo. Nikapiga na rafu zenye kiza ndani kabisa ya duka. Muuzaji, binti mwenye subira, aliniuliza kama mimi ni mkaguzi. Nilimjibu kwamba mimi ni mume tu.

Nyumbani nilizikuza picha kwenye kompyuta. Za kizani zilijaa chengachenga, kwa kuwa lenzi ya namna hiyo ikivutwa haipitishi mwanga mwingi. Jirani, basi, alikuwa na sehemu ya ukweli, ingawa hakuitolea jasho. Penye jua, herufi za kibao zilisomeka vyema, zikilegea kidogo kwenye pembe tu. Pembe hazikunihusu. Mke wangu angekaa katikati. Nikainunua.

Kiangazi, kanisa lilichoma nyama kando ya ziwa. Nilijitenga kwenye benchi la mbali, nikaielekeza kamera kwa bata majini.

"Mzee, hao bata hawatatoka!" jirani alinipigia kelele. "Nilikuambia!"

Nilimpungia mkono, nikasubiri ageuke, kisha nikahamisha lenzi taratibu hadi penye jiko la nyama, kwenye kundi la akina mama. Nikavuta hadi kikomo. Mke wangu alikuwa katikati yao. Alishusha miwani hadi ncha ya pua, akatanua kifua, akainua kidole na kuanza kukihoji kipaja cha kuku kama mwanafunzi aliyekosa jibu la fizikia. Nilimtambua mara moja mtu aliyekuwa akiigizwa. Nikabonyeza. Wenzake wakashikana mabega kwa kicheko, naye akatupa kichwa nyuma, mdomo wazi hadi magego. Nikabonyeza tena.

Picha ya pili ndiyo tuliyoituma Iringa. Simu ililia siku hiyo hiyo.

"Huyu sasa ndiye mdogo wangu!" Shemeji alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Alikuwa anacheka nini?"

Mke wangu alinisukumia simu haraka. "Muulize mpiga picha."

"Shemeji," nilisema, "nilikuwa mbali. Sikusikia neno hata moja, na wajua mimi sishuhudii nisichokisikia."

Mke wangu alishusha pumzi, akaenda kuchemsha chai. Hajui kwamba picha ya kwanza ipo, wala kwamba nimekwisha kuagiza ichapwe kubwa, kwa ajili ya sebuleni. Kidole, kwa bahati njema, kimeangukia katikati.