Nilifunga na kuomba nyuki waje, kumbe mimi ndiye nilikuwa nawafukuza

Wakuu wote wa humu ndani, sasa?

Hii ni yangu mwenyewe, sijaisikia kwa jirani. Nitaisema vile ilikuwa, hata pale naonekana mjinga. Mwandiko mtavumilia, shule niliachia Form Two.

Nakaa nje kidogo ya Kitale. Ndoto yangu ni asali. Nilitengeneza mizinga sita na mikono yangu, nikaitundika kwa miti ya shamba la babangu, nikangoja nyuki wahamie.

Nilingoja miaka miwili, bana.

Kila Ijumaa nilifunga. Niliomba nikizunguka mti kwa mti. Nyuki walikuwa wanakuja, wanachungulia mlangoni, wanaenda zao. Ndugu zangu wakaniita mkurugenzi wa buibui, kwa sababu hao ndio walihamia.

Mwanzo unacheka nao. Baadaye inauma.

Kanisani nikaanza kukaa bench ya nyuma, halafu nikaacha kwenda. Si ati nilikasirikia Mungu. Nilichoka tu kuuliza kitu kimoja kila siku.

Nikaamua kugawa mizinga. Nilikuwa nimesikia kuna nyanya mmoja Kimilili, upande wa Bungoma, anafuga nyuki. Watu humwita Kukhu, ndio nyanya kwa Kibukusu. Nikampelekea mzinga mmoja aone kama atachukua yote.

Wakuu, huyo mama!

Ana karibu miaka themanini na bado anapanda ngazi ya mbao mwenyewe. Alikuwa na mizinga kumi na mbili. Jirani akanyunyizia mboga dawa, nyuki wakakufa, wakabaki kwa mzinga mmoja tu.

Lakini nilimkuta akifagia ile kumi na moja tupu. Anatoa siafu, anapaka grisi kwa waya za kutundikia ndio wasipande tena, polepole, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Nikamwambia yangu yote, hata ya kuacha kanisa, halafu nikamuuliza mbona anasafisha nyumba haina mtu. Akasema hiyo ndio sehemu yake ya kazi, ile ingine haijawahi kuwa yake.

Halafu akafungua mzinga wangu, akaingiza kichwa.

"Umepaka rangi ndani?"

Nikasema ndio, hata nikajivuna kidogo. Tulikuwa tumepaka kanisa letu, rangi ikabaki, nikaona hiyo imebarikiwa. Nikapaka ndani na nje, mara mbili.

Kukhu alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Mjukuu wangu, nyuki ana pua. Hata wewe si ungekataa kulala humo? Na ukaenda kununia Mungu."

Nilitaka kucheka, machozi yakatoka. Miaka miwili yote nilikuwa nauliza Mungu, na sikuwa nimeuliza mtu hata mmoja.

Mizinga alikataa. Alinipa kipande cha chupa, tukakwangua ile rangi mpaka jioni. Tukababua ndani na moto wa nyasi. Akaleta nta, ile kidogo alikuwa amepata kwa mzinga wake wa pekee, akaikata nusu ndio nipake mlangoni, nyuki wapende harufu. Nikakataa. Akaniambia nisimharibie siku.

Kabla niondoke aliweka mkono juu ya mzinga.

"Bwana, nyumba tumesafisha. Wageni ni wako."

Hiyo tu. Mimi na maombi yangu marefu nikabeba mzinga wangu, nikaenda.

Nyumbani nikakwangua ile mitano. Na Jumapili nikarudi kanisani. Tafadhali muone hapo: nilirudi kabla nyuki hata mmoja hajaingia. Niliimba nikiwa mikono mitupu.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mzinga mmoja ukajaa nyuki. Mmoja kwa sita. Nikampigia Kukhu, nikaweka simu karibu na mti asikie ule mvumo.

Nikarudisha simu sikioni. Halafu akasema, "Wasalimie."

Mimi nimejifunza hivi. Ukifanya bidii na huoni kitu, usikimbilie kusema Mungu amekukataa. Labda alijibu kitambo, na jibu liko Kimilili juu ya ngazi.

Sasa ni nyinyi. Mwenye amechoka, aandike hapa chini anafanya kazi gani na anaifanya aje. Pengine mmoja wetu anajua kasoro iko wapi. Na kama hakuna anayejua, weka jina lako tu, tutakuombea.