Barua ya Dokta

Wivu ninao, sifichi. Wengine wakiulizwa husema, "Aa, mimi namfurahia tu mdogo wangu," huku roho zinawauma kimyakimya. Mimi roho iliniuma mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti changu dukani, nashughulikia maombi ya mdogo wangu ya kwenda kusomea udaktari ng'ambo.

Duka langu ni la steshenari. Natoa kopi, naskani vyeti, napiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cheupe nilichokitundika kwenye waya. Nyuma ya kitambaa kuna kijichumba chenye maboksi ya karatasi na kompyuta ya pili. Wateja wananiita Madam Kopi. Mdogo wangu anaitwa Dokta, tangu yuko kidato cha pili. Baba ndiye aliyemwanzishia. "Dokta, njoo ule." "Dokta, umeona miwani yangu?" Sasa sikilizeni: jina hilo lilikuwa langu. Baba aliniita mimi hivyo kwanza, kisha akamrithisha mwenzangu kama gauni lililonibana.

Na halikunibana! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, barua ya kukubaliwa chuo ninayo mkononi, nasubiri viza tu, mama akaanguka jikoni. Kiharusi. Baba akasema, "Subiri mwaka mmoja tu mwanangu, mama yako apate nafuu." Mwaka mmoja huo sasa una miaka kumi na miwili. Asubuhi namwogesha mama, nafungua duka, mchana narudi kumlisha, nafungua tena. Ndiyo udaktari wangu.

Basi Dokta akaja na bahasha yake. Nikaskani vyeti, alama za juu mwanzo mwisho, nikaona hata mashine inanidhihaki. Nikampiga picha. "Kidevu juu. Usicheke." Nilipiga nne nikitafuta iliyo mbaya, na zote katoka mzuri. Nikachagua ile aliyosinzia jicho moja, akaiona. "Dada, hii hapana bwana!" Nikaibadilisha huku nimenuna.

Ikabaki barua. Chuo kilitaka ukurasa mmoja wa maelezo, kwa nini unataka kuwa daktari. Alikuwa ameuandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, akaniachia nichape, akaenda zake. Aya ya kwanza nikaichapa vizuri. Kufika ya pili, nikaacha kuchapa.

"Siku mama alipopata kiharusi, nilimlaza ubavu, nikamwambia anyanyue mikono yote miwili, nikatazama saa ya ukutani ili niwaambie madaktari ameanguka saa ngapi."

Nani? Yeye? Alikuwa na miaka saba, hajui hata kufunga kamba za viatu! Mimi ndiye niliyemlaza mama ubavu. Mimi ndiye niliyetazama saa, ilikuwa saa nne na dakika ishirini, naikumbuka mpaka leo. Yeye alisimama mlangoni kashika ndala ya mama, akajikojolea. Jina langu kachukua, safari yangu anachukua, na sasa hata siku ile anaitaka iwe yake. Jamani!

Nikaifuta aya nzima. Nikaandika: "Siku mama alipopata kiharusi, nilisimama mlangoni nimeshika ndala yake, nikajikojolea kwa woga. Aliyemlaza ubavu na kutazama saa ni dada yangu. Mimi sikufanya lolote." Ukweli mtupu, lakini msinipambe, sikuandika kwa kupenda ukweli. Nilitaka wasome wakunje uso, waseme mwoga huyu hatufai. Nikaambatanisha na vyeti, nikatuma.

Jioni akaniuliza, "Dada, umetuma?"

"Nimetuma."

"Mungu akubariki, dada yangu."

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Wiki tatu baadaye wakamwita kwenye usaili wa video. Mtandao wa nyumbani unasuasua, kwa hiyo ukafanyika dukani, kwenye kijichumba nyuma ya kitambaa. Nikafunga mlango wa mbele, nikabandika "Narudi punde," nikakaa upande wangu wa kitambaa, sikio wima.

Walikuwa watatu. Wakamuuliza masomo, wakamuuliza kwa nini amechagua chuo chao, na kila akijibu vizuri mimi nazidi kuchomeka. Kisha profesa mmoja wa kike akasema, "Umeandika kwamba siku mama yako alipougua ulisimama mlangoni, ukajikojolea. Wanaoomba nafasi huku hawatuandikii mambo kama hayo. Tulitaka kumwona aliyeandika."

Jasho likanitoka kwapani. Nikajua sasa atasema hayo hakuandika yeye, na nafasi ndiyo imekwenda. Si ndicho nilichokitaka? Mbona basi nikajikuta namwombea?

"Ndiyo," akasema, sauti imeshuka. "Nilikuwa na miaka saba. Nilijikojolea. Aliyejua la kufanya ni dada."

"Na ukija huku kwa miaka sita, nani atamtunza mama?"

"Dada yupo."

Alijibu haraka, bila kufikiri, kama ameulizwa ndoo iko wapi. Dada yupo! Hicho ndicho nilichokuwa nyumbani kwetu tangu siku ile, mtu aliyepo. Nilitaka kumrukia.

"Umemuuliza?" yule profesa akasema.

Nikasikia kiti kinasogea, kitambaa kikavutwa, na mdogo wangu akanikuta nimeinama, sikio bado liko hewani. Nyuma yake, kwenye kompyuta, nyuso tatu zinatutazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Alishajua ni nani aliyeibadilisha barua yake, wala hakulitaja.

"Dada," akasema, "nikienda, utabaki na mama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba hakuniuliza, aliniambia. Kwa hiyo nilikuwa na majibu mengi ya kumpa, ya miaka kumi na miwili, na mengine si ya kusemwa mbele ya maprofesa. Nikamtazama. Alikuwa amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, vile anavyofanya tangu mtoto akiogopa.

"Nitabaki," nikasema. "Lakini waambie umeniuliza leo."

Akarudi kukaa, akajifuta pua kwa kiganja. "Atabaki," akawaambia. "Nimemuuliza leo. Sijawahi kumuuliza kabla."

Jibu lilikuja mwezi uliofuata kwenye barua pepe ya duka. Amekubaliwa. Nilisoma mara mbili, nikaumia mara mbili, kisha nikaitoa kwenye printa ya rangi, karatasi nzito, ile ninayochapia kadi za maharusi. Nikampelekea baba kazini kwake wakati naenda kumlisha mama.

Mdogo wangu alikuwepo nyumbani. Akamwinua mama, akamshikilia mgongo, mimi nikampa uji kijiko kwa kijiko. Mara tukasikia geti linagongwa kwa nguvu, na sauti ya baba uani, inapasuka kwa furaha:

"Dokta! Dokta wangu uko wapi?"

Tuligeuka wote wawili.